Daktari Anapogeuza Njia

Lipo neno ambalo nimelisikia mara nyingi hapa Turwa, mjini Tarime, na hata ndani ya mabasi ya Mwanza. Neno lenyewe ni "alishindwa". Husemwa juu ya daktari wa upasuaji aliyeanza kumtibu mgonjwa wa utumbo kwa matundu madogo, kisha katikati ya kazi akaviweka kando vyombo vile vyembamba, akashika kisu na kulifungua tumbo kama walivyofanya waliomtangulia. Mgonjwa aliingia akitarajia alama nne ndogo. Ametoka na mshono wa shibiri nzima. Basi ndugu wanatazamana, wanatikisa vichwa, na neno linatoka.

Nataka tulichunguze neno hilo. Mimi si daktari. Nimekuwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, na elimu yangu ya juu kabisa niliipata chuo cha ualimu, ambako tulifundishwa kwamba mtoto aliyekosa hesabu aulizwe kwanza alipitia njia gani, kabla ya kuandikiwa kosa kwa wino mwekundu. Ndivyo ninavyotaka kumfanyia daktari huyu. Na kwa kuwa historia ndilo somo nililolipenda kuliko mengine, nitaanzia mbali kidogo. Msomaji na anivumilie.

Kuna watu wanaodhani kwamba kisu kililetwa kwetu na wageni. La hasha. Mwaka 1879 kijana mmoja Mwingereza, Robert Felkin, aliyekuwa akisomea udaktari, alikuwa Kahura katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo. Huko alishuhudia mwanamke aliyeshindwa kujifungua akipasuliwa tumbo na mafundi wa nchi ile ile. Felkin aliandika habari hiyo katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884. Anasema mgonjwa alileweshwa pombe ya ndizi ili maumivu yapungue, na pombe hiyo hiyo ikatumika kunawia mikono na kuoshea tumbo. Fundi alipasua katikati, chini ya kitovu, damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, mtoto akatolewa, jeraha likafungwa kwa vijiti vya chuma vilivyosuguliwa vizuri na kuzungushiwa uzi, kisha likafunikwa kwa dawa ya mizizi. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara ninasimama kwenye ile pombe ya kunawia mikono. Huko Ulaya, katika miaka hiyo hiyo, walikuwapo madaktari mashuhuri waliobishana bado kama kunawa kuna maana yoyote.

Na ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Sirari, jirani zetu Wakisii walikuwa na mafundi wa kufungua kichwa. Mtu aliyepigwa rungu, akaumwa kichwa miaka na miaka, alipasuliwa ngozi na mfupa ukakwanguliwa taratibu. Madaktari waliofanya kazi Kenya waliandika habari za mafundi hao mara nyingi katika karne ya 20, tena kwa mshangao, maana wagonjwa wengi walipona. Kwa hiyo kufungua mwili si jambo geni kwa wazee wetu. Jambo geni ni lile tundu.

Hospitali ya Mengo, Kampala, ilianzishwa mwaka 1897 na Dakta Albert Cook, na Mulago ikafuata mwaka 1913. Katika wodi za Mulago ndiko ugonjwa mmoja wa utumbo ulikojulikana sana, nao ni msokoto. Ule mwisho wa utumbo mpana umejikunja kama herufi S. Kwa watu wengine sehemu hiyo ni ndefu mno, nayo huweza kujizungusha juu ya shina lake kama kamba ya ndoo ya kisimani. Upepo na kinyesi vinafungiwa ndani, tumbo linavimba kama ngoma, mgonjwa anatapika. Ikiwa mishipa ya damu nayo imesokotwa, utumbo unakufa, unageuka mweusi, na baada ya hapo saa zinahesabika. Wanaume huupata zaidi kuliko wanawake. Mwaka 1968 Dakta J. J. Shepherd alichapisha Uingereza hesabu ya wagonjwa 425 wa msokoto waliotibiwa Mulago. Huko Uingereza kwenyewe daktari angeweza kumaliza utumishi wake wote asione robo ya idadi hiyo.

Sasa tazama jinsi msokoto ulivyotibiwa, maana hapa ndipo jambo letu linapoanzia, miaka mingi kabla ya kamera. Mwaka 1947 daktari wa Norwei aitwaye Bruusgaard alieleza kwamba si lazima kukimbilia kisu. Unaweza kupitisha bomba kwenye njia ya haja kubwa, ukaongoza kwa taa mpaka penye fundo, kisha ukapenyeza mpira laini. Bomba likipita, upepo na uchafu hutoka kwa kishindo (daktari mwenye busara husimama kando), tumbo linanywea, mgonjwa anapata nafuu papo hapo. Lakini bomba likikataa kupita, au likirudi na damu, au kuta za utumbo zikionekana zimeanza kuwa nyeusi, hakuna kungoja. Mgonjwa anapelekwa kwenye chumba cha upasuaji na tumbo linafunguliwa.

Hakuna aliyesema kwamba daktari wa bomba ameshindwa. Bomba lilikuwa mlango wa kwanza, kisu mlango wa pili, na daktari aliingia wodini akiijua milango yote miwili. Tena ilionekana kwamba waliotibiwa kwa bomba peke yake wengi walirudi na msokoto ule ule, kwa hiyo hata bomba lilipofaulu mgonjwa alishauriwa arudi akatwe kile kipande kirefu.

Siwezi kuiacha Mulago bila kumtaja Denis Burkitt, Mwailandi aliyefika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha Kampala. Huyu alikuwa daktari wa upasuaji mwenye jicho moja. La pili alilipoteza utotoni. Dunia inamkumbuka kwa ajili ya saratani ya taya za watoto iliyopewa jina lake, ambayo aliifuatilia mwaka 1961 kwa gari, safari ya kilomita kama 16,000, hospitali kwa hospitali. Lakini baadaye alishika jambo jingine. Aliona kwamba magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana na ugonjwa wa kidole tumbo, yalikuwa adimu sana katika vijiji vya Afrika. Yeye na Hugh Trowell, aliyewahi kufanya kazi Kenya na Uganda, walisema sababu ni chakula: ugali wa nafaka isiyokobolewa, mboga, maharage, ndizi, vitu vyenye makapi yanayosukuma choo kwa haraka. Burkitt alipima hata uzito wa vinyesi na muda ambao chakula hukaa tumboni, na katika mihadhara alionyesha picha ambazo wengine wasingethubutu kuzionyesha. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba mambo si mepesi kama alivyoyaeleza, ila makapi yamebaki na sifa yake.

Namtaja Burkitt kwa sababu ule uadimu aliouona umepungua. Madaktari wa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda yetu, walichapisha mwaka 2013 hesabu ya wagonjwa 332 wa saratani ya utumbo mpana waliowapokea kati ya mwaka 2006 na 2011. Wengi wao walikuwa wamechelewa, ugonjwa umekwisha kusambaa. Unga wetu siku hizi ni sembe nyeupe kama chaki. Simaanishi kwamba sembe peke yake ndiyo iliyowaleta watu hao Bugando, maana hata vipimo vimeongezeka na watu wanaishi miaka mingi zaidi. Lakini mtu wa Tarime aliyezaliwa wakati wangu akila ugali wa ulezi na mtama anayo haki ya kujiuliza.

Tuje sasa kwenye tundu. Mwaka 1901 Georg Kelling, Mjerumani, alijaza hewa tumboni mwa mbwa, akaingiza darubini nyembamba iliyotengenezwa kwa ajili ya kibofu cha mkojo, akatazama ndani. Mwaka 1910 Jacobaeus wa Stockholm alifanya hivyo kwa binadamu. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya kutazama tu, na madaktari wa wanawake ndio walioiendeleza. Mwaka 1980 mmoja wao, Kurt Semm wa Kiel, alitoa kidole tumbo kwa njia ya matundu, na badala ya kupongezwa alipingwa vikali na madaktari wa upasuaji wa nchi yake. Mwaka 1985 Erich Mühe, naye Mjerumani, alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo, hakusikilizwa. Miaka miwili baadaye Mouret wa Lyon akafanya hivyo, na baada yake moto ukawaka dunia nzima. Utumbo mpana ulifuata. Mwaka 1991 Moises Jacobs na wenzake wa Miami walichapisha habari za wagonjwa wao 20 wa mwanzo.

Namna yake ni hii. Mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi. Kwenye kitovu linatobolewa tundu, na tumbo linajazwa hewa ya kabonidayoksaidi mpaka ukuta wake unainuka kama hema. Hewa hiyo ilichaguliwa kwa sababu haishiki moto, na kinachobaki mwilini huchukuliwa na damu mpaka kwenye mapafu kikatolewa kwa pumzi. Kamera huingizwa, kwenye matundu mengine zinaingia koleo na mikasi mirefu. Daktari hatazami tumbo bali runinga. Kwa kamera za mwanzo aliona kwa lenzi moja, picha bapa isiyo na kina, kana kwamba kila daktari wa matundu amekuwa Burkitt. Na vidole vyake, ambavyo tangu enzi za Bunyoro ndivyo vilivyomwambia hapa pagumu, hapa palaini, hapa panadunda, viko nje.

Faida zake ni za kweli. Maumivu ni machache, mgonjwa anaamka mapema, jeraha la nje ni dogo na usaha ni nadra zaidi. Lakini tumbo halikuapa kwamba litakubali. Pengine mgonjwa aliwahi kupasuliwa zamani, na matumbo yameshikamana kwa makovu ya ndani kama kurasa za kitabu kilicholoana kikakaushwa juani. Pengine uvimbe ni mkubwa, au umeng'ang'ania kibofu au ukuta wa mgongo. Pengine damu inatoka mahali pasipoonekana. Mafuta ya tumbo yanaziba njia. Utumbo umejaa upepo hauachi nafasi. Mrija wa mkojo hauonekani ulipo, nao ukikatwa ni balaa nyingine. Au, na hili watu wa nchi zetu wanalijua vizuri, umeme umekatika, taa ya kamera imekufa, mtungi wa hewa umekwisha. Ndipo daktari husema: tufungue.

Je, anayefunguliwa namna hiyo hupata nini? Swali hili liliulizwa kwa uzito, kwa sababu katika miaka ya 1990 kulitokea hofu kubwa: baadhi ya wagonjwa wa saratani waliota uvimbe mpya kwenye yale matundu yenyewe. Majaribio makubwa yakafanywa. La Marekani na Kanada, lililochapishwa mwaka 2004, lilikuwa na wagonjwa 872 katika hospitali 48, na saratani ilirudi kwa kiasi kinacholingana katika makundi yote mawili. Kati ya walioanza kwa matundu, asilimia 21 waliishia kufunguliwa. La Uingereza, lililochapishwa mwaka 2005, lilikuwa na wagonjwa 794, nalo likapata asilimia 29. Huko waliofunguliwa baada ya kuanza kwa matundu walipata matatizo mengi zaidi kuliko wenzao, na hesabu ya miaka mitano iliyotolewa mwaka 2010 ilionyesha kwamba wale wa utumbo mpana waliogeuziwa njia waliishi muda mfupi zaidi.

Msomaji anaweza kusema: basi, neno "alishindwa" limethibitishwa. Subiri kwanza. Nimekaa ofisi ya mwalimu mkuu muda mrefu, nami najua hesabu zinavyoweza kupikwa. Tuseme mwalimu mkuu ana watoto kumi dhaifu katika darasa la saba. Kabla ya mtihani anawahamishia shule ya jirani. Matokeo yakija, shule yake inang'ara na ya jirani inalaaniwa. Mkaguzi mwenye akili hatakubali. Atasema, kila mtoto ahesabiwe kwenye shule aliyoandikishwa tangu mwanzo. Ndivyo majaribio yale yalivyofanya kwa haki: mgonjwa aliyepangiwa matundu alihesabiwa kwenye kundi la matundu hata kama alimaliziwa kwa kisu. Na hata kwa hesabu hiyo kali, njia ya matundu haikushindwa na kisu kwa kuponya saratani.

Lakini ukiwachukua waliogeuziwa njia ukawaweka peke yao, unakuwa umewakusanya wale watoto kumi dhaifu katika darasa moja. Wao ndio wenye uvimbe mkubwa, ulioshikamana, wenye unene, wenye ugonjwa uliokwenda mbali. Ni ile hali yao iliyomfanya daktari ageuze. Siyo rahisi kutenganisha kipi kiliwadhuru, kugeuza njia au kilichosababisha kugeuza. Mimi ninaamini vyote viwili vimo, maana mgonjwa huyo amelipa mara mbili: saa za matundu, kisha jeraha la kisu. Usingizi wake umekuwa mrefu kuliko wa yeyote kati ya wenzake.

Jambo moja limezidi kuonekana wazi katika tafiti zilizofuata, nalo kwangu ndilo kiini. Wapo wanaogeuziwa njia mapema, daktari akitazama tu na kuona kwamba hapa hapapitiki. Na wapo wanaogeuziwa baada ya saa nyingi, mshipa ukiwa umekwisha kukatika au utumbo umetoboka. Hawa wa pili ndio hasa wanaoumia. Wa kwanza hukaribiana na wale waliopasuliwa kwa kisu tangu mwanzo. Tena lile jaribio la Uingereza lilionyesha kwamba mwaka wa kwanza asilimia 38 waligeuziwa njia, na mwaka wa sita 16 tu. Madaktari walijifunza mikono, na nadhani walijifunza pia ni mgonjwa gani asianzishiwe matundu kabisa.

Nina sababu ya kulifuatilia jambo hili. Mtoto wa marehemu kaka yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alipasuliwa mwaka 2019 katika hospitali moja kubwa nje ya mkoa wetu. Alikuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana, upande wa kulia. Waliambiwa: matundu manne, siku tano, nyumbani. Tuliuza ng'ombe tukijua tunanunua nini. Aliamka na mshono kutoka juu ya kitovu hadi chini, ukaingia usaha, akalala hospitali wiki tatu. Aliporudi, ukoo ulikutana. Haikuwa ritongo, maana hatukuwaita wa nje, lakini wazee walikuja na fimbo zao na waliketi kama watu wanaotaka hukumu.

Mzee mmoja, baba mdogo wake kama mimi, alisimama akasema, "Fundi niliyemwajiri aniwekee dirisha akabomoa ukuta, mimi simlipi, yeye ndiye anayenilipa." Watu wakaitikia. Likatolewa shauri la kudai fidia, na shauri la pili, ambalo lilinitisha zaidi: kwamba asirudi tena pale hospitalini kwa zile dawa za mishipa alizopangiwa. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu, amejifunika shuka, hasemi.

Nikaomba karatasi zake. Ilikuwa ni kazi ya kusoma, maana maandishi ya madaktari ni adhabu hata kwa mwalimu aliyesahihisha madaftari ya watoto maisha yake yote. Lakini saa ziliandikwa vizuri. Kamera iliingia saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Saa nne kamili waliandika kwamba matumbo yameshikamana sana kwa sababu ya upasuaji wa zamani, kwamba njia haionekani, na kwamba wanafungua. Dakika ishirini. Nikamgeukia nikamwuliza, "Baba, ule upasuaji wa zamani ni upi?" Akafunua shuka, akaonyesha kovu la pili, la kando, lililofifia. "Ni ule wa msokoto, baba mdogo. Mwaka tisini na moja. Umesahau mlivyonibeba kwa machela?"

Hakuna aliyekuwa amesahau. Vijana ndio waliokuwa hawajui, na wazee walikuwa hawajaunganisha mambo hayo mawili. Lile kovu la kwanza lilimwokoa akiwa kijana, na lilikuwa ndilo lililofunga mlango wa matundu miaka ishirini na minane baadaye. Nikawaeleza habari ya kurasa za kitabu zilizogandamana. Nikawaeleza pia kwamba dakika ishirini ni za mtu aliyetazama akaamua, na wala si za mtu aliyeng'ang'ania mpaka damu ikamshinda. Yule mzee mwenye fimbo akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa mbona hawakutuambia?"

Hapo alikuwa na haki yote. Katika ile fomu ya ridhaa kulikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo, kwa Kiingereza, kwamba daktari anaweza kubadili njia ikilazimu. Mgonjwa alitia sahihi. Hakuna aliyemsomea. Kovu la zamani walikuwa wamelitazama kwa macho yao, na ingetosha sentensi moja ya Kiswahili: "Mzee, kwa kuwa uliwahi kupasuliwa, huenda tukalazimika kufungua." Familia ingepanga fedha za wiki tatu na isingepanga za siku tano. Ng'ombe wa pili tulimuuza kwa bei ya mtu mwenye haraka, na kila mtu wa Tarime anajua bei hiyo ikoje.

Shauri la fidia lilikufa pale pale. Lile la dawa lilichukua siku mbili zaidi, na mwisho mkewe ndiye aliyelimaliza kwa kufunga mzigo na kumpeleka kituo cha basi bila kumwuliza mtu. Alimaliza dawa zake. Naandika haya akiwa hai, anachunga, ingawa kunyanyua kitu kizito hawezi, kwa kuwa pale penye mshono pametokeza henia.

Kwa watu wa nchi zetu kuna jambo jingine, kubwa kuliko ukubwa wa tundu. Mwaka 2018 zilichapishwa hesabu za upasuaji kutoka nchi 25 za Afrika, hospitali 247, wagonjwa zaidi ya 11,000. Walioonekana kufa baada ya upasuaji walikuwa mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wenyewe walikuwa vijana na wenye afya zaidi kuliko wa nchi tajiri. Na karibu wote waliokufa hawakufia mezani kwa daktari. Walifia wodini, siku zilizofuata, mahali ambapo muuguzi mmoja anatazama vitanda vingi usiku kucha na homa inapanda bila mtu kuipima. Mtoto wetu usaha wake uligunduliwa na mkewe, kwa harufu, kabla ya mwenye koti jeupe. Laiti ingekuwa ni matundu manne, labda usaha usingekuwapo. Lakini kwa jeraha lolote, dogo au kubwa, anahitajika mtu wa kulitazama.

Siku hizi vijana wanasomea upasuaji hapa hapa kwetu. Chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilianzishwa mwaka 1999, makao yake yako Arusha. Huko Ulaya na Marekani wapo walimu wanaolalamika kwamba wanafunzi wao wamezoea runinga mno, na siku tumbo linapotaka kufunguliwa mikono yao inatetemeka. Kwetu bado ni kinyume: kijana anaanza na kisu, kwa msokoto, kwa matumbo yaliyotobolewa na homa ya matumbo, kwa ajali za pikipiki, na kamera anaikuta baadaye, mahali inapopatikana. Daktari mmoja kijana, niliyemfundisha kusoma na kuandika, aliniambia kwamba siku anapofanya upasuaji wa matundu sinia la visu vya kufungulia huwa limekwisha kuwekwa mezani, limefunikwa kwa kitambaa cha kijani, kabla hajatoboa lile tundu la kwanza. Nikamwuliza kama wagonjwa wake wanaambiwa juu ya sinia hilo. Akasema yeye huwaonyesha, jioni ya siku iliyotangulia, kwa kuchora tumbo nyuma ya faili na mistari yote miwili.